Nusu Alama

Gari tulilokodi Chake lilikuwa na dirisha moja lisilopanda
na kibali cha kuendeshea, karatasi nyembamba
ambayo Kiplagat aliiweka mfuko wa shati, juu ya moyo,
akaitoa mara tatu kabla ya Konde
kwa askari watatu walioisoma polepole, kama barua ya posa.
Nchi ya watu hii, alisema, twende kwa adabu.
Alikuwa akijiambia mwenyewe.

Mimi nilikuwa na ramani magotini, na likizo ya Agosti,
na miaka kumi na tisa ya kufundisha Kiswahili Londiani,
kwenye ukungu, mahali ambapo bahari
ni picha ya ukurasa wa arobaini na mbili.
Nimevuka mpaka, nimegongewa muhuri,
nikawakuta watu wa ng'ambo wakizungumza
lugha ya mtihani wangu
huku wakipara samaki.

Barabara ya zamani inapinda, inashuka bondeni.
Bahari inachungulia kushoto, mikoko kwanza, kisha maji,
kisha inajificha nyuma ya migomba
kama mtoto aliyetumwa dukani na hataki kwenda.
Halafu harufu. Kiplagat akakanyaga breki.
Nusu ya lami ilikuwa imetandikwa majamvi,
karafuu juu yake, nyekundu zikigeuka hudhurungi,
na mwanamke mmoja, mikono imejaa makonyo,
akatuonyesha kwa kidole cha mguu
mahali pa kupitishia gurudumu.
Tulipita tumebana pumzi, utadhani pumzi ndiyo yenye uzito.

Konde tukasimama kununua chakula.
Mezani alikuwa Mize, miaka tisa hivi,
ameachiwa biashara, mama ameingia kuswali.
Nikasema, nipe fungu moja la nyanya.
"Hizi tungule," akasema, kwa upole,
kama mtu anayemwambia mgeni kwamba kamba ya kiatu imefunguka.
Na viazi hivi vya kuchemsha?
"Mbatata."
Na mkate?
"Boflo."
Unasoma shule gani, Mize?
"Skuli ya hapa hapa."

Skuli.
Jua lilikuwa utosini, nami nikaona baridi.

Khatib Faki. Muhula mmoja tu alikaa kwetu,
mpwa wa muuza halua aliyepanda bara kutafuta soko
akashindwa na Julai.
Sweta ya kuazima, mikono inamfunika vidole.
Insha yake iliingia skuli asubuhi na mapema
ikila mbatata kwa tungule,
nami, kalamu nyekundu, nikazungusha duara,
duara, duara, tahajia, tahajia,
pembeni nikaandika: Usibuni maneno.
Kumi na moja juu ya arobaini.
Hakulia. Alisema, "Sawa, mwalimu,"
na insha yake iliyofuata ilikuwa na mistari minne,
yote safi, haina mtu ndani.

Msitu wa Ngezi ulitumeza saa sita mchana
Kiplagat akawasha taa.
Vumawimbi akakunja suruali, akaingia maji hadi ndimi za magoti,
viatu mkononi, akicheka peke yake,
mwanamume aliyezoea maziwa na mahindi.
Nilikaa mchangani nikauma tungule.
Ilikuwa na chumvi ya vidole vyangu.
Sikuwa na karatasi nyingine. Nikachukua kibali,
nikaandika nyuma, kwa mwandiko wa ubaoni:
skuli. mbatata. tungule. bofulo.

Wakati wa kurudi, askari wa nne.
Akasoma mbele, akageuza.
"Na huku?"
Kiplagat akanitazama. Nikasema: ni masahihisho.
Yule kijana akasoma neno kwa neno, midomo ikicheza,
akaomba kalamu.
Akakata *u* moja kwenye mkate,
akazungusha duara dogo, bila haraka,
akaturudishia kibali.
"Mengine sahihi. Safari njema."

Kilomita mbili hatukusema neno.
Kisha nikajikata nusu alama,
na karafuu zikaanza tena, upande wa kulia sasa.